Mlango wa Upana wa Kiganja

Asajile alikuja Mwanjelwa na kipande cha boneti kwapani,
akakilaza juu ya meza yangu, kati ya zipu na vibanio vya mikoba,
akasema: Tusekile, nataka mlango usio na alama ya mlango.

Mimi ni fundi mabegi. Nimefungua masanduku ya watu
waliopoteza funguo Tunduma, nimeshona mifuko ya siri
ndani ya makoti ya wanaovuka mpaka na hela za mahindi.
Ndege sijawahi kuipanda. Lakini kuficha mahali pa kufungulia,
hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Tukaenda Uyole. Nyuma ya shamba la viazi, kibanda cha mabati,
na ndani yake, imelala kama ng'ombe aliyegoma kuamka,
ndege: mbawa za mbao na kitambaa,
injini ya Subaru iliyopinduka Igawilo,
miaka saba ya mshahara wa kutengeneza mashine za kahawa Mbozi.
Juu ya pua, tundu. Humo mkono unapita
kuchomoa kijiti, kukipangusa, kukichovya tena,
kusoma oili imefika mstari upi. Kila asubuhi, kabla ya lolote.

Piga skrubu nne, nikamwambia, umemaliza.
Akanitazama kama nimemtukania mama.
Skrubu nne, baridi hii ya Juni, vidole vimekufa ganzi,
siku ya tatu utajiambia: jana ilitosha, na leo itatosha.
Mlango mgumu unamfundisha mtu uongo.

Tulianza na kibanio cha mkoba. Mezani kilikaa vizuri.
Tukawasha injini, panga likavuta upepo wa Uyole yote,
mlango ukainuka, ukapigapiga kama sikio la mbuzi,
kisha ukaruka
(wa kwanza kuruka katika mradi ule)
tukauokota kwenye matuta ya viazi.

Sumaku za spika ya redio zilishika dakika sita.

Nikarudi nyumbani na hasira ya fundi, ile isiyolala.
Usiku nikaelewa: upepo hauusukumi mlango,
unaufyonza kwa juu, kama mtoto na mrija wa soda.

Basi spoki mbili za baiskeli, zimenyooshwa kwa nyundo ya mbao,
zipite ndani ya macho ya chuma, moja kushoto, moja kulia.
Springi ya kalamu izisukume. Hapana, laini mno.
Ya kiberiti cha gesi, laini vilevile.
Ya breki ya baiskeli, hiyo. Halafu waya mwembamba
ukizunguka chini ya bati hadi kinywani mwa ndege,
pale inapomezea hewa ya kujipoza.
Hakuna tundu la ufunguo. Hakuna kichwa cha skrubu.
Unaingiza kidole, juu, nyuma ya mdomo,
kama anayempima ng'ombe umri kwa meno,
unakuta kipete, unavuta.
Tak.

Siku nne nilipiga tupa kwa ajili ya nusu milimita.
Wateja wangu wa zipu walihamia kwa Anyosisye, sikuwafuata.

Mwezi wa nane wakaja wakaguzi wawili kutoka Dar es Salaam,
wamevaa makoti mazito waliyonunua asubuhi hiyohiyo Kabwe.
Walipima mbawa, walikwangua rangi, walitikisa vichwa.
Mmoja, Bwana Mkwizu, akaizunguka pua mara mbili.
Oili mnaipimia wapi?

Asajile hakujibu. Nikasogea mimi, nikaingiza kidole.
Tak.
Akaufunga. Akaingiza chake. Tak.
Akaufunga tena, akapapasa ukingo kwa kucha,
akitafuta ufa, akaukosa.

Kwenye fomu aliandika HAIRUHUSIWI KURUKA,
sababu kumi na moja, na hata moja haikuwa yangu.
Wakaagana nasi. Gari lao likawashwa.
Ndipo Bwana Mkwizu akateremka, akasema amesahau kalamu,
akaingia kibandani peke yake.

Sisi tulibaki nje, kwenye viazi, tumenyamaza.
Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, tuliiona.

Tak.